Ndizi za Bukoba, leseni ya New York: jibu kwa dada anayetaka kufungua kiwanda kidogo cha pombe kali

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, nina kadi ya kijani, na mwaka jana tulihamia Rochester, jimbo la New York, tukitokea Ohio. Bibi yangu alikuwa akipika enkonyagi, pombe kali ya ndizi, na nilikaa naye mpaka nikaijua kazi. Nasikia jimbo hili limelegeza masharti ya viwanda vidogo vya pombe kali na ada ya leseni siku hizi ni ndogo. Mume wangu anashauri tununue mtambo mdogo tuanzie gereji, tukishaona watu wanaipenda ndipo tuombe leseni. Ndizi tutanunua kwa jumla, na kwenye chupa tunafikiria kuandika "Konyagi". Ndugu zetu wa Houston wanataka tuwatumie chupa kwa posta. Pia kuna mtu ametuambia mgeni wa jimbo lazima akae miaka kadhaa kabla ya kuomba. Tunafanyaje?

Jibu:

Marahaba, dada. Naanza na gereji, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu, lakini hilo haliwezi. Kama mtambo haujanunuliwa, msiununue. Kama mmeshaununua, usiwashwe hata siku moja kwa ajili ya kujaribu.

Watu wengi huchanganya hapa. Mabadiliko mliyoyasikia ni ya sheria za jimbo, lakini ruhusa ya kupika pombe kali inaanzia juu, kwa serikali ya shirikisho, na huko hakuna kilicholegezwa kuhusu nyumba ya kuishi. Sheria ya kodi ya Marekani inasema wazi kwamba kiwanda cha pombe kali hakiwezi kuwa ndani ya nyumba ya makazi, wala kibanda, ua au uzio uliounganishwa nayo. Gereji yenu imo humo. Adhabu inafika kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000 kwa kosa. Haijalishi kama mmeuza au hamkuuza, wala kama ilikuwa chupa moja ya kuonja. Tena wauzaji wa mitambo wanaweza kutakiwa na serikali watoe majina ya waliowauzia. Mwenye kadi ya kijani akitiwa hatiani kwa kosa la jinai la shirikisho ameweka rehani zaidi ya biashara, na hata akiponea kifungo, sheria inamnyima kibali cha pombe mtu aliyetiwa hatiani kwa jinai kubwa ndani ya miaka mitano kabla ya kuomba. Kwa hiyo njia ya mumeo, ya kuanza kwanza na kuomba baadaye, inaweza kuufunga ule ule mlango mnaotaka kuupita.

Huenda mmesikia pia kwamba mwezi Julai 2024 jaji mmoja wa shirikisho kule Texas alisema katazo la kupika nyumbani linakiuka Katiba. Ni kweli alisema. Lakini amri yake iliwalinda walalamikaji waliokuwa mbele yake, chama cha wapenda kupika na mwanachama wake mmoja, na serikali ikakata rufaa. Ninyi mko Rochester. Msiijenge biashara juu ya kesi ya watu wengine.

Lipo jambo ambalo mnaweza kufanya nyumbani kihalali kuanzia kesho, na nadhani litawafaa kuliko mtambo. Tangu sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, mtu mzima anaruhusiwa kutengeneza bia au divai ya matumizi ya nyumbani, hadi galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili hadi galoni 200. Yaani rubisi, pombe ya ndizi iliyochachuliwa bila kupitishwa kwenye mtambo, inaruhusiwa. Isiuzwe tu. Wewe umekaa na bibi, unajua kwamba enkonyagi nzuri huanza kwenye rubisi nzuri, na mtambo hauwezi kusahihisha rubisi iliyochacha vibaya. Tumieni mwaka huu kujua ndizi za soko la Rochester zinaiva vipi, sukari yake ikoje, hamira gani inaipa harufu mnayoikumbuka na joto la basement yenu linafanya nini Januari. Andikeni kila pipa. Daftari hilo mtakuja kulihitaji mbele ya wakaguzi na mbele ya benki.

Sasa nieleze hicho kilicholegezwa, maana ukijua kililegezwa kwa ajili ya nani utajua kwa nini ndizi zako zina shida.

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920, ikafuta katazo hilo tarehe 5 Desemba 1933. Marekebisho ya Katiba yaliyofuta katazo yaliyapa majimbo mamlaka makubwa juu ya vileo, na majimbo mengi yakajenga mfumo wa ngazi tatu: mtengenezaji anamuuzia muuzaji wa jumla, wa jumla anamuuzia mwenye duka au baa, mwenye duka anamuuzia mnywaji. Mtengenezaji hakutakiwa kuonana na mnywaji. Ada za leseni nazo zilipangwa kwa kipimo cha viwanda vikubwa. Hapo New York, leseni ya kupika pombe kali iligharimu makumi ya maelfu ya dola, hata kama mtu alitaka kupika mapipa machache tu. Mkulima mwenye tufaha zilizobaki hakuwa na pa kuingilia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jimbo liliweka daraja dogo la leseni, linaloitwa A-1, kwa ada ya takriban dola 1,450 kwa miaka mitatu. Ralph Erenzo ni mmoja wa waliolitumia mapema. Alinunua ardhi Gardiner, kusini mwa jimbo, akitaka kufungua mahali pa wapanda miamba. Majirani wakampinga mpaka mpango ukafa, akabaki na shamba na deni. Yeye na mwenzake Brian Lee wakaanzisha Tuthilltown Spirits. Walipoanza kupika wakagundua kwamba ada ndogo peke yake haimsaidii mtu ambaye haruhusiwi kumuuzia chupa mgeni aliyesimama mlangoni pake. Wakashughulika na wabunge, na mwaka 2007 ikapita Sheria ya Viwanda vya Pombe vya Shambani, iliyoleta leseni ya daraja D. Mwenye leseni hiyo anaweza kuonjesha na kuuza hapo hapo kiwandani. Mwaka 2014 jimbo likapanua tena haki za watengenezaji wadogo na kupandisha kiwango wanachoruhusiwa kuzalisha, kutoka galoni 35,000 kwa mwaka hadi 75,000.

Mimi husema kila siku kwamba badiliko la 2007 lilikuwa kubwa kuliko lile la ada. Kiwanda kidogo kinaishi kwa mauzo ya mlangoni. Chupa inayopita kwa muuzaji wa jumla na kwa mwenye duka hukatwa faida mara mbili kabla senti haijafika kwako. Chupa unayomkabidhi mnywaji mwenyewe, fedha yake inabaki ndani ya nyumba. Kwa hiyo mtu akikwambia leseni ni rahisi, muulize leseni hiyo inakuruhusu kumuuzia nani.

Hapo ndipo penye shida ya ndizi. Wabunge hawakulegeza sheria kwa kuwapenda wapika pombe. Walilegeza kwa ajili ya wakulima wa New York. Leseni ya shamba, hiyo ya daraja D, imefungwa kwenye mazao ya jimbo: ili kileo kihesabike kuwa cha New York, angalau asilimia 75 ya kilichochachuliwa, kwa ujazo, lazima kiwe kimelimwa au kimezalishwa ndani ya jimbo. Nafaka, tufaha, zabibu, asali, hata utomvu wa mti wa mepo. Ndizi hazioti huko. Ukinunua ndizi za Ekwado kwa jumla ukazipika zenyewe, umetengeneza kitu kizuri ambacho leseni ya shamba haikitambui. (Jimbo la Washington lilifanya vivyo hivyo mwaka 2008 lilipoanzisha leseni yake ya viwanda vidogo, ila lenyewe liliridhika na asilimia 51.)

Una njia mbili, na nitakwambia ninayoipenda.

Ya kwanza ni kuomba leseni ya A-1, ambayo haikubani kwenye mazao kwa namna hiyo, ukapika ndizi tupu kama alivyopika bibi. Ni njia ya heshima, lakini haki pana za kuuza mlangoni zimewekwa kwenye leseni ya shamba, kwa hiyo utategemea zaidi maduka na baa, na utaanza bila mazoea ya mnywaji kuja kukutazama kazini. Kwa bidhaa ambayo Wamarekani wengi hawajawahi kuionja, hilo ni pigo. Pombe ya ndizi inahitaji mtu asimame nyuma ya kaunta aeleze.

Ya pili ni kuyatumia yale asilimia 25. Rochester iko kando ya Ziwa Ontario, katikati ya mashamba ya tufaha, na New York ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa tufaha Marekani. Chachua tufaha za jirani kwa robo tatu na ndizi kwa robo. Sheria ya shirikisho inalitambua zao la matunda mawili: litaitwa brandi ya matunda, na lebo lazima itaje limetokana na matunda gani. Ndizi iliyoiva sana ina harufu kali, na robo yake haitapotea ndani ya tufaha. Najua unaweza kuhisi kama unaipunguza kazi ya bibi. Lakini wazee wa kwetu walipika walichokuwa nacho: Bukoba ndizi, pwani tembo la mnazi, kwingine miwa. Tufaha ndiyo ndizi ya Rochester. Anza na leseni ya shamba na chumba cha kuonjea, jijengee jina, kisha ukiwa na fedha uongeze leseni ya pili kwa ajili ya ndizi tupu. Mfano upo. Wapikaji wa New York waliligeuza sharti hilo hilo la asilimia 75 kuwa sifa, wakaanzisha aina ya wiski ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, inayoitwa Empire Rye, ambayo angalau asilimia 75 ya nafaka yake lazima iwe rai iliyolimwa jimboni. Kilichokuwa kizuizi kimekuwa jina la biashara.

Tuje kwenye kodi, kwa sababu hapo ndipo watu wanaposoma ada ya leseni wakadhani wamesoma gharama. Serikali ya shirikisho inatoza ushuru kwa galoni ya prufu, yaani galoni moja, lita 3.785, ya pombe yenye nguvu ya asilimia 50. Kiwango cha zamani kilikuwa dola 13.50. Kuanzia 2018 kilishushwa hadi dola 2.70 kwa galoni 100,000 za kwanza kila mwaka. Kwanza punguzo lilikuwa la muda, kila mwaka watu wanangoja kwa roho juu, na mwishoni mwa Desemba 2020 likafanywa la kudumu. Chukua chupa 1,000 za mililita 750 zenye nguvu ya asilimia 40. Hizo ni kama galoni za prufu 158. Kwa kiwango cha zamani ungelipa takriban dola 2,140. Sasa ni kama dola 428. Kwa mtu mwenye mtambo mmoja hilo ni mshahara wa mtu au pipa jipya la mwaloni.

Jimbo la New York nalo linataka chake: dola 1.70 kwa lita kwa pombe kali. Chupa zile zile 1,000 ni lita 750, yaani dola 1,275. Sasa linganisha na Washington. Huko sheria ya 2008 iliweka ada ya leseni ya kiwanda kidogo dola 100 tu kwa mwaka, watu wakaimba. Lakini mnywaji wa Washington hulipa kodi ya mauzo ya pombe kali ya asilimia 20.5 na juu yake dola 3.7708 kwa kila lita. Chupa ya mililita 750 inayouzwa dola 40 inaongezeka dola 11 na senti. Leseni ya dola 100, kodi ya dola 11 kwa chupa moja. Nakutajia hili ili mtu akikushawishi uhamie jimbo lenye leseni rahisi zaidi, umuulize pia kuhusu kodi.

Kuna jambo jingine dogo la shirikisho linalowasaidia watu kama ninyi. Tangu Januari 2017, mtengenezaji anayetarajia kulipa ushuru usiozidi dola 50,000 kwa mwaka hahitaji tena kuweka dhamana, na analipa kila robo mwaka badala ya kila nusu mwezi. Na ofisi ya shirikisho inayosimamia kodi na biashara ya vileo na tumbaku, maarufu kwa herufi TTB, haitozi ada kwa maombi ya kibali. Ukikutana na tovuti inayodai malipo kwa niaba yao, ondoka.

Kama ada ni ndogo na ushuru umeshuka, fedha zinaishia wapi? Kwenye jengo. Hapa ndipo nilipoona watu wakilia. Maombi ya TTB yanataka anwani, ramani ya eneo, maelezo ya ulinzi, orodha ya vifaa na mkataba wa pango. Maana yake unapanga jengo na kulilipia miezi kadhaa bila kuuza hata chupa moja, huku ukisubiri shirikisho, jimbo na mji kila mmoja kwa wakati wake. Mtu mmoja niliyemsaidia alipata jengo la bei nafuu, akasaini miaka mitano, akanunua mtambo wa shaba, kisha mkaguzi wa zimamoto akaingia na karatasi yake. Mvuke wa pombe yenye nguvu ya asilimia 40 unaweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 26 hivi, joto la kawaida la chumba wakati wa kiangazi. Kanuni ya moto inayofuatwa na majimbo mengi inakuruhusu kuweka kama galoni 120 za pombe ya aina hiyo kwenye eneo moja la jengo la kawaida, na mara mbili yake kama kuna mfumo wa vinyunyizio vya maji darini. Ukizidi, jengo linaingia daraja la hatari, na kuta, milango, umeme na uingizaji hewa vyote vinabadilika. Jengo lake halikuwa na vinyunyizio. Kuviweka kulizidi bei ya mtambo. Alikuwa mpishi hodari sana, na hakuwahi kuuza chupa.

Kwa hiyo kabla ya wakili na kabla ya mtambo, nenda ofisi ya mji inayoshughulikia matumizi ya ardhi, na nenda kwa afisa wa zimamoto, ukiwa na swali lililoandikwa: ninataka kupika na kuhifadhi galoni kadhaa za pombe kali katika jengo hili, je, inaruhusiwa, na nitatakiwa kubadilisha nini? Omba jibu la maandishi. Ukifika kwenye pango, mwenye nyumba akubali kifungu kinachosema mkataba unakufa bila adhabu kama vibali vimekataliwa. Akikataa kifungu hicho, tafuta mwingine.

Kuhusu ndugu wa Houston, jibu ni fupi. Posta ya Marekani hairuhusiwi na sheria kubeba pombe, iwe imetoka kiwandani au nyumbani. Kampuni binafsi za mizigo hupokea kutoka kwa wenye leseni tu, kwa mkataba maalumu. New York iliwaruhusu wapikaji wadogo kutuma chupa majumbani wakati wa janga la korona, ruhusa hiyo ikafa hali ya dharura ilipofutwa Juni 2021, ikarudi kama sheria iliyosainiwa na Gavana Kathy Hochul mwezi Agosti 2024. Lakini hiyo inakufikisha kwa wateja wa New York, na kwa majimbo ambayo nayo yanakubali. Texas hairuhusu pombe kali kutumwa moja kwa moja kwa mnywaji. Ndugu zenu wakija kuwatembelea, waondoke na chupa kwenye sanduku lao, ndani ya kiasi kinachoruhusiwa kusafiri nacho.

Aliyekwambia lazima mkae miaka kadhaa hakutunga, ila habari yake imepitwa. Tennessee ilikuwa ikimtaka mwombaji wa leseni ya duka la pombe awe ameishi jimboni miaka miwili. Familia moja ilihamia Memphis kutoka Utah kwa ajili ya afya ya binti yao, ikataka kununua duka, ikazuiwa. Mwezi Juni 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema, majaji saba kwa wawili, kwamba sharti la namna hiyo linawabagua watu wa majimbo mengine. Kesi ilihusu maduka, lakini tangu hapo ni vigumu kwa jimbo lolote kumwambia mtu akae kwanza. Na kwa New York, ukaazi wa kudumu wa kadi ya kijani hauzuii maombi. Mtajaza fomu za historia yenu, mtatoa alama za vidole, mtaeleza kila dola ya mtaji imetoka wapi. Hilo la mwisho lichukulieni kwa uzito. Kama mtaji ni mchango wa ndugu au kikoba cha akina mama, kila mchangiaji aandike barua ya saini kusema ni zawadi au mkopo, na fedha ipite benki. Ofisa hajui kikoba ni nini. Anaona dola elfu kumi zimeingia kutoka kwa watu ishirini, na faili linasimama.

Kuna njia ya kuingia sokoni kabla hamjawa na jengo: kumtafuta mwenye kiwanda chenye leseni, muda ambao mtambo wake haufanyi kazi, apike kwa utaratibu wenu chini ya kibali chake. Wengi wanafurahi, soko limebana na mitambo mingi inalala. Naipenda njia hii, kwa sharti moja. Kila kileo kinahitaji kibali cha lebo kutoka TTB, na kingine kama chenu kinaweza kuhitaji pia kibali cha mchanganyiko wake. Vibali hivyo hutoka kwa jina la mwenye kiwanda. Nimemwona mwenzetu mmoja akikosana na mwenye kiwanda baada ya mwaka, akaondoka na mapishi kichwani, chupa zenye jina la mama yake zikaendelea kupangwa madukani. Sajilini jina na nembo kama alama yenu ya biashara kwanza, na mkataba useme kwamba mapishi, jina na muundo wa lebo ni vyenu hata vibali vikiwa kwa jina lake.

Dada, naomba niseme jambo moja kuhusu bibi. Tanzania ina Sheria ya Moshi tangu 1966, inayokataza kupika gongo bila kibali, na wanawake wengi waliosomesha watoto kwa mtambo wa ndoo na mrija walifanya hivyo wakiwa na sikio mlangoni. Uganda, sheria yao ya mwaka 1965 kuhusu enguli, gongo la huko, iliwataka wapishi wawe na leseni na wauzie kiwanda, na hapo ndipo ilipotoka Uganda Waragi. Kenya walifuta katazo la chang'aa mwaka 2010. Wewe uko mahali ambapo kazi ile ile inaweza kuwekwa kwenye rafu, ikalipiwa ushuru, ikatajwa kwa jina. Ndiyo maana nimekubana sana kuhusu gereji.

Na kuhusu jina lenyewe. Umeandika kwamba mnafikiria kuandika "Konyagi" kwenye chupa. Hapana. Neno letu limetokana na Cognac ya Ufaransa, jina linalolindwa, na Konyagi ni bidhaa ya kiwanda cha Tanzania. Lebo itakataliwa au mtashtakiwa, na pengine vyote viwili. Tumia neno la nyumbani lisilo na mwenyewe, au jina la bibi kama familia inaridhia. Uliza wajomba kwanza, kisha mpeleke jina hilo kwa wakili wa alama za biashara kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote.